Transista Zisizo na Namba

Mteja kutoka Kiamaiko alifika na amplifaya yake Jumanne asubuhi, akaiweka juu ya meza yetu pale Shauri Moyo, kisha akachungulia nyuma yangu kana kwamba nimeficha mtu.

“Mzee yuko?”

“Mzee ni mgonjwa. Miezi minne sasa. Niko mimi.”

“Pole sana, mama. Basi nitarudi akipata nafuu.”

Nilimwambia hatapata nafuu. Hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo, lakini nilikuwa nimechoka kujibu “tunamwachia Mungu” kwa kila anayepita, na siku hiyo Mungu mwenyewe nilikuwa nimemnunia. Kabla yule bwana hajaibeba tena amplifaya yake nikaivuta upande wangu na kumwuliza ina shida gani. Akasema taa nyekundu inawaka na sauti haitoki. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mpole, mwenye gari kuukuu la stesheni wagoni ambalo nusu ya thamani yake ilikuwa muziki uliofungwa ndani. Alinitazama mikono, akaitazama mita yangu ya kupimia umeme, halafu akaniachia.

Tangu mume wangu aanguke nilikuwa napata kazi za kuunganisha nyaya za redio na kubadilisha fyuzi, basi. Wenye amplifaya nzito, zile za miaka ya tisini zilizotengenezwa kabla viwanda havijaanza kubana shaba, walipita mbele ya meza, wakasalimu kwa heshima na kwenda zao. Mwenye kibanda alikuwa ameshaniuliza kama nitaendelea na nafasi ile au awape watu wa viatu. Kwa hiyo nilijua vizuri ile amplifaya ilikuwa na maana gani kwangu. Ikilia, yule bwana angekwenda kusema kwao Kiamaiko kwamba mke wa fundi naye ni fundi. Isipolia, meza ingekuwa ya viatu.

Mimi sikusomea umeme. Nilishona mashati katika kiwanda cha nguo mpaka kilipotupunguza, nikaanza kumpelekea mume wangu chakula cha mchana mezani, na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda baada ya hapo, nikawa nabaki. Majirani walinitania, wakaniita sekretari, na mume wangu akacheka nao. Lakini alinipa mita nishike, halafu akanipa chuma cha kulehemu, na mwaka wa pili nilikuwa nafungua amplifaya mwenyewe na kumwambia ugonjwa uko wapi kabla hajavaa miwani. Miaka minane tulikaa kwenye benchi moja. Niseme ukweli: miaka hiyo ndiyo niliyompenda. Kabla ya hapo tulikuwa tunaishi pamoja tu, watu wazima wenye watoto.

Nilijifunza kunusa. Transista iliyoungua ina harufu yake, na koili iliyopikwa ya sabufa, ile spika ya besi, ina yake, tamu kidogo, inayokwama kooni. Nilijifunza kuweka vidole vya mikono miwili kwenye koni ya sabufa na kuisukuma ndani polepole. Ikikwaruza, koili imevimba, na mwenye gari aanze kujiandaa kwa habari mbaya. Nilijifunza kwamba amplifaya ya gari kwanza huchukua umeme mdogo wa betri na kuupandisha, kisha huukabidhi kwa zile transista kubwa zilizobanwa kwenye ubavu wa bati ili zipoe. Sauti ndogo inayotoka kwenye redio ni mkono tu. Transista ndiyo mfereji wa bomba. Mkono ukifungua kidogo, maji mengi yanatoka, na maji hayo ndiyo yanayosukuma sabufa mbele na nyuma. Ukiweka mfereji usioweza nguvu hiyo, utashika siku mbili tatu halafu utapasuka.

Ndiyo maana kila transista ina namba yake usoni. Namba ndiyo inayokwambia inabeba kiasi gani, na inavumilia joto gani. Bila namba una kipande cha plastiki nyeusi chenye miguu mitatu, ambacho kinafanana na vingine elfu.

Sasa, mafundi wa huku kwetu wana desturi yao. Amplifaya ya zamani ikiua transista zake za asili, mara nyingi zile za asili hazipatikani tena popote, na fundi hutafuta nyingine za kuziba nafasi. Huenda akaunguza tatu au nne kabla ya kuipata inayokubali. Akishaipata, huchukua msasa na kuikwangua namba kabla ya kuifunga. Ameitafuta kwa jasho, kwa nini fundi mwingine afungue tu na kusoma? Mume wangu alikuwa hodari wa kukwangua. Transista zake zilikuwa laini usoni kama ukucha. Zilifika mezani zikiwa tayari zimekwanguliwa, kila mara. Sijui alizikwangulia wapi. Nilipomwuliza namba alisema, “Mama, huku Gikomba wezi wa kazi ni wengi. Usichokijua huwezi kuulizwa.” Nikaona ananikinga. Tena nilimsifu kwa wanawake wenzangu kanisani, kwamba nina mume mwenye siri za kazi.

Nilipoifungua ile ya Kiamaiko, transista mbili kati ya nne zilikuwa zimekufa kabisa, mita ikilia kila nilipogusa mguu kwa mguu. Na zote nne zilikuwa na uso mtupu. Mume wangu alikuwa ameitengeneza miaka mitatu iliyopita, nikiwa nimemshikia tochi.

Nilizing’oa, nikazifunga kwenye karatasi ya gazeti, nikaenda nazo nyumbani saa ya chakula cha mchana.

Kiharusi kilimchukua upande wa kulia wote, kikamchukua na maneno. Alibakiwa na maneno mawili, “ndio hivyo,” ambayo aliyatumia kwa chai, kwa maumivu na kwa kuagana na wageni. Na alibakiwa na hesabu. Ukimwanzishia “moja,” alikuwa anaendelea mwenyewe mpaka kumi bila kukosea. Daktari alinieleza kwamba hiyo si kuongea. Alisema hesabu inakaa mahali pengine kichwani, pamoja na sala na nyimbo, nayo hutoka yenyewe ukiigusa. Sikumwelewa. Niliposikia mume wangu anahesabu, nilijua namba zimo, na kama namba zimo, basi na zile ninazozitafuta zimo.

Nilikaa kitandani, nikamwekea transista moja kwenye kiganja cha kushoto, kile kizuri. Aliitambua. Niliona macho yake yakibadilika, kidole gumba kikapita juu ya ule uso laini.

“Baba, hizi ni za yule mtu wa mbuzi. Namba yake ni ngapi?”

“Ndio hivyo.”

“Sawa. Tutakwenda polepole. Hesabu, ukifika kwenye tarakimu ya kwanza unyamaze. Umesikia? Unyamaze hapo hapo. Moja…”

“Mbili,” akasema, “tatu, nne, tano,” na kila namba ilipotoka nilibana pumzi, nikidhani ndiyo hiyo, atasimama. Hakusimama. Alipita zote mpaka kumi, akamaliza kwa sauti ya juu kama mtoto wa chekechea, kisha akanitazama nimsifu.

Tulirudia mara sita. Mara ya saba nilimpigia kelele. Nilimwambia mambo ambayo mtu mzima hamwambii mgonjwa, kwamba alikuwa na mdomo mzima miaka minane na hakuutumia, na sasa ananihesabia kama mjinga. Alilia, mdomo umekwenda upande, nami nikalia. Kesho yake niliandika tarakimu kwenye kipande cha katoni ili aonyeshe kwa kidole. Alionyesha saba. Nikamwuliza ya pili, akaonyesha saba. Nikamwuliza kama anataka chai, akaonyesha saba.

Kwa hiyo nilijaribu mwenyewe. Nilipima zile mbili nzima, nikajua ni za aina gani na mguu upi ni upi. Nilipima umeme unaozifikia. Kisha nikaenda kwa wauza vipuri, nikachagua nne za umbo lile lile ambazo muuzaji aliniapia zinabeba mzigo. Nikazifunga. Sikuwa mjinga: niliiwasha kwanza kwa kupitisha umeme kwenye glopu ya taa ya gari, kama nilivyofundishwa, ili kukiwa na hitilafu glopu iwake na kumeza moto wote. Glopu iliwaka mara moja, ikafifia. Taa nyekundu ikazimika, ya kijani ikatoka. Nilicheka peke yangu hapo mezani. Jirani wa mitumba aliniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Yule bwana alikuja na stesheni wagoni yake. Nyuma kulikuwa na sabufa mbili ndani ya boksi moja, koni za karatasi nene, mipira ya pembeni ameibandika mwenyewe kwa gundi ya viatu. Aliniambia hazitengenezwi tena, na kiwanda chake hakipo. Niliunganisha, akaweka rumba, na lile gari likaanza kupumua. Besi ya sabufa za zamani haipigi kelele. Inakuingia chini ya mbavu na kukaa humo, na watu waliokuwa wanapita kwenda Gikomba walianza kupunguza mwendo. Nilisimama mikono kiunoni. Nilikuwa nafikiria nitakavyomwambia mume wangu, hata kama hataelewa.

Ilikuwa nusu saa hivi. Halafu sabufa moja ikaruka mbele na kubaki imetoka nje, haitetemeki, inanguruma tu. Nilijua kabla sijaifikia. Transista moja ilikuwa imepata joto ikashindwa, ikauachia umeme wote moja kwa moja kwenye koili. Niliing’oa fyuzi kwa vidole. Moshi ukatoka katikati ya koni, na ile harufu tamu ikajaa ndani ya gari.

Bwana wa mbuzi hakupaza sauti. Ningefurahi kama angenitukana.

“Mama, ulikuwa unajua ama ulikuwa unajaribu?”

“Nilikuwa najaribu.”

Alitikisa kichwa taratibu. “Hii kitu nimekuwa nayo tangu sijaoa. Wacha tu niipeleke Kariokor kwa yule fundi mwingine.”

Nilimwomba aniachie amplifaya siku mbili. Nilimwomba mbele ya watu, na sikuwa nimewahi kumwomba mteja kitu chochote. Aliniachia kwa sababu ya adabu yake, si kwa sababu aliniamini, akaenda na boksi lenye sabufa moja hai na moja maiti.

Fundi wa Kariokor nilimjua kwa sifa mbaya tu. Mume wangu alimtaja kila wiki. Huyo ndiye aliyekuwa mwizi wa kazi namba moja, huyo ndiye aliyesababisha msasa. Niliposhuka kwenda kwake siku iliyofuata niliona ninamsaliti mgonjwa wangu, na njia nzima nilikuwa nikijitetea kichwani: mtu akizama hachagui wa kumshika mkono. Banda lake lilikuwa nyuma ya washona ndala za matairi, na harufu ya mpira ilikuwa kali hata nikapiga chafya mlangoni.

“Shemeji!” aliinuka haraka, akanifutia kiti. “Karibu, karibu. Mgonjwa wetu yuko aje?”

“Yuko vile vile.”

“Nimekuwa nikisema nije nimwone. Nimekosa tu nguvu ya kumwona vile.”

Sikutaka huruma yake. Nilifungua gazeti, nikazimwaga transista zilizokwanguliwa mezani kwake, na kumwambia nimeshindwa na amplifaya ya bwana mmoja wa Kiamaiko, kama anazijua aniambie bei yake. Aliichukua moja, akaigeuza, akatabasamu.

“Si hizi ni za yule mtu wa mbuzi? Ngoja.”

Alitoa simu. Alipitisha kidole akirudi kwenye ujumbe wa zamani, muda mrefu, miaka ikipita kwenye kioo, kisha akanigeuzia nisome. Ulikuwa ujumbe wa mume wangu. Namba kamili ya transista, herufi na tarakimu, na chini yake: ya mbuzi, nne, imekaa poa. Juu yake kulikuwa na ujumbe mwingine wa amplifaya nyingine, na juu yake mwingine. Alikuwa ameandika kila kazi tuliyofanya pale mezani, mimi nikishika tochi.

“Alikuwa anakutumia?”

“Kila moja. Na mimi namtumia zangu. Tungekufa njaa, shemeji, kila mtu akitafuta kivyake. Hata wale mafundi wawili wa kule juu nao huwa tunawatumia.”

“Basi msasa ulikuwa wa nani?”

Akachukua kitambaa, akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na kitu.

“Andika namba, shemeji, ukafanye kazi.”

“Nimekuuliza.”

“Alikuwa anasema kwa mzaha tu. Usiweke kwa roho.” Aliangalia mlangoni. “Alisema ukijua zote utafungua meza yako. Alisema mkono wako ni mwepesi kuliko wake.”

Niliandika namba nyuma ya lile gazeti. Nilimshukuru, akakataa pesa, akanisindikiza mpaka barabarani akiongea mfululizo kuhusu dawa za kienyeji za kiharusi. Sikusikia hata moja. Nilikuwa ninarudisha miaka nyuma, siku moja moja. Wezi wote wa kazi walikuwa na namba. Soko zima la vyuma lilikuwa na namba. Mtu mmoja tu hakutakiwa kuzisoma, naye ndiye aliyekuwa analala na mwenye msasa, anampikia, anamshikia tochi na kumsifu kanisani.

Ningeelewa kama angekuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alinipa mita yake kwa mkono wake mwenyewe. Alifurahi kweli nilipopata jibu kabla yake, nilimwona akifurahi, na pengine jioni hiyo hiyo alikaa mahali akapitisha msasa. Yote mawili yalikuwa yake. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba siwezi hata kumchukia vizuri.

Transista za namba ile niliziona kwa muuzaji yule yule, kwenye kisanduku kilichokuwa karibu na kile nilichochagulia zangu. Nilizifunga. Nikaiwasha kwa glopu, nikaiacha ifanye kazi kwa sabufa kuukuu ya pale mezani saa mbili nzima, kiganja changu kikiwa juu ya bati. Lilipata joto, likasimama hapo, halikuzidi. Bwana wa mbuzi alikuja Jumamosi, akasikiliza kwa sabufa yake moja iliyobaki, akafumba macho kidogo.

“Kumbe mzee alikufundisha vizuri,” alisema. “Msalimie sana. Mwambie kazi yake haijapotea.”

Nilisema nitamwambia. Tangu siku hiyo watu wa Kiamaiko wanakuja, na mwenye kibanda haniulizi tena habari za viatu. Wote wanasema nimeachiwa urithi. Akina dada wa kanisani huniambia nishukuru, sasa nina kazi mkononi. Sishukuru. Kila amplifaya ninayofungua ina uso wake mtupu ndani, na kila uso mtupu ulifanywa kwa ajili yangu, na baada ya kuuona inabidi nifunge kifuniko na kumtabasamia mtu.

Jumamosi hiyo mchana nilirudi nyumbani nikapika uji, nikamkalisha mume wangu, nikamwekea mito mgongoni. Kisha nikamwambia namba. Niliitaja polepole, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, mpaka mwisho, na nikamwambia aliyenipa ni nani.

Aliacha kupumua kidogo. Daktari anasema hakuna ajuaye mtu kama yeye anaelewa kiasi gani, lakini daktari hajakaa naye benchi moja. Shingo yake ilijaa damu, macho yakakimbilia dirishani, yakarudi kwangu, yakakimbia tena. Alifungua mdomo na safari hii hakuna kilichotoka, hata yale maneno mawili. Halafu akaunyoosha mkono wa kushoto juu ya shuka, akitafuta wangu. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji, na ningeweza kuliweka chini. Nilimlisha mpaka likaisha.